Kati ya Picha ya Meli na Picha ya Meza

Vitabu vile vilikuja chini ya masweta. Parokia moja ya ng'ambo, iliyokuwa na urafiki na parokia yetu huku Mbulu, ilituma boksi la nguo za baridi kwa wanafunzi wa sekondari yetu. Nguo zilipokwisha kugawanywa, na kugombaniwa, tukakuta chini vitabu vyembamba vya jalada gumu, vyote vya aina moja, vya kutosha darasa zima kama wanafunzi wangesoma wawili wawili. Mkuu wa shule alifungua kimoja, akaona kila ukurasa umejaa picha na maneno yamo ndani ya viputo, akakifunga.

"Hizi ni katuni, mwalimu," akaniambia. "Peleka chekechea ya kanisa."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mtu anayehukumu kitabu kabla hajakisoma hunipandisha mori. Nikamwambia nitavisoma kwanza, kisha nitamletea jibu. Akacheka, akarudi kwenye barua zake.

Hiyo ilikuwa miaka ile mkoa wetu ulipokuwa mpya. Tulilala Arusha tukaamka Manyara, ndivyo tulivyotaniana, na barua za serikali zikaanza kwenda Babati. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa, kinauzwa, kinaletwa: redio za watu binafsi, mitumba, simu ambazo ili zishike mtandao ilibidi upande mpaka juu ya makaburi ya misheni. Walimu nasi tuliitwa semina, tukaambiwa tufundishe kwa njia mpya, shirikishi. Chaki hatukuongezewa.

Nilifundisha historia kidato cha tatu. Vita Kuu ya Pili ilikuwemo kwenye muhtasari, na Maangamizi ya Wayahudi yalikuwa mstari mmoja katika noti zangu: Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa. Niliuandika ubaoni kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi waliupigia mstari kwa rula. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama hiyo hutoka kwenye mtihani. Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kuiona. Akaweka kalamu chini.

Kitabu kile kilikuwa maisha ya kweli ya mwanamke mmoja wa Ulaya, tangu utoto wake, yamesimuliwa kwa picha. Baba yake alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo wenye mto na bustani. Katika kurasa za mwanzo kuna benchi la bustani lenye kibao, na yeye na mdogo wake hawaruhusiwi kulikalia kwa sababu ni Wayahudi. Kisha kuna duka wasiloingia, kisha shule wasiyosoma tena. Kisha mama yao anashona nyota ya kitambaa cha njano kwenye koti la mtoto, kwa mishono midogo mizuri, maana ile ilikuwa nyumba ya fundi na haikujua kushona vibaya. Kisha treni. Kisha kambi, na bomba refu linalotoa moshi. Baba anakufa, mama anakufa, mdogo anakufa, anabaki yeye. Mwishoni kuna picha ya meli, na baada yake picha ya meza katika nchi nyingine, yeye sasa ni mtu mzima, amezungukwa na watu, na mbele yao sufuria inatoa mvuke.

Nilikisoma jikoni mpaka maharage yakaungua. Nililia, nikakwangua sufuria, nikalia tena.

Lakini nisidanganye kwamba nilivichukua vitabu vile kwa ajili ya Wayahudi. Nilivichukua kwa ajili ya msichana aliyekuwa anakaa dawati la mwisho peke yake.

Alitoka Masakta, upande wa Hanang, akaja kwetu Nambis mwanzoni mwa mwaka. Kwao alifariki baba, kisha mdogo wake wa mwisho aliyekuwa bado ananyonya, kisha mama. Wengine walisema ni ukimwi, wengine walisema laana; mimi sikuuliza. Mjomba wake, mkulima wa huku kwetu na mtu wa kanisa, ndiye aliyemleta shuleni. Mjomba alikuwa mtu mwema. Ila mke wake alikuwa mjamzito, kwa hiyo hakumweka nyumbani kwake. Alimpangia kwa mama mmoja karibu na shule, aliyekuwa anapangisha chumba kwa wanafunzi wa kike wanaotoka mbali. Wasichana walikuwa wanapika pamoja kwenye jiko la mafiga nyuma ya nyumba.

Kwetu Wairaqw kuna jambo linaitwa metimani. Kifo kikiingia nyumba kwa namna fulani, hasa kikimchukua mtoto wa ziwa, waliobaki hukaa mbali na wenzao. Hawachangii moto na mtu, hawanywi kwenye chombo cha mtu, hawakatizi shamba la mtu, hawaendi penye mkusanyiko, mpaka muda upite na watolewe, yaani warudishwe kwa watu. Mjamzito ndiye anayewaogopa kuliko wote. Hakuna anayewatukana. Chakula huachwa njiani, mahali wanapoweza kukichukua. Wazee watakuambia ilianza kwa sababu nzuri, kama unavyotenga ng'ombe mgonjwa ili zizi lipone, na inawezekana ni kweli. Serikali ilikataza, padre alikemea, watu wakaitikia amina. Mama yangu mzazi, ambaye hakukosa misa hata akiwa na homa, alitufundisha kuzunguka nyumba moja ng'ambo ya bonde tulipokuwa tunakwenda kuteka maji. Tulikuwa tunawapungia mkono watoto wa pale, nao wanatupungia.

Siku hizi wengi wameacha, na watu watakuambia mambo hayo yamekwisha. Nami niliamini yamekwisha mpaka nilipoliona lile dawati.

Hakuna aliyemfukuza msichana yule. Wenzake walimsalimia vizuri. Ila akienda bombani, wengine walisubiri amalize, maji yamwagike kidogo, ndipo wasogee. Uji wa saa nne aliupokea mwisho, kwenye kikombe chake mwenyewe. Kule alikopanga, mama mwenye nyumba alimwambia kwa upole kwamba jiko lile ni la wale wengine. Akawasha moto wake nje, karibu na choo, na ukungu wa kwetu unaujua mwenyewe, kuni hazikauki hata uziweke uvunguni. Siku nyingi alikuja na makande ya baridi. Siku nyingine hakuja na kitu.

Nilimwita kwangu. Alikula kwangu siku kadhaa, anakula haraka huku ameinama, kisha anaosha vyombo vyote, hata ambavyo hakutumia. Halafu mama aliyekuwa ananiletea maziwa akaacha kuingia ndani. Akawa anaweka chombo getini na kuniita kwa sauti. Msichana aliona. Kesho yake hakuja, nikamfuata.

"Mwalimu, nitakuharibia nyumba," akaniambia.

"Nyumba yangu iliharibika zamani," nikamtania. "Sina mume, sina mtoto, na paa linavuja. Utaharibu nini?"

Hakucheka. Niliona usoni mwake kwamba alikuwa ananihurumia kwa kutokujua. Aliamini. Hilo lilinivunja nguvu kuliko maziwa ya getini, kwa sababu wengine wote ningeweza kugombana nao.

Nikamwambia mkuu wa shule, akasema mila hizo zitakwisha zenyewe. Nikalikaripia darasa kipindi kizima, wakanisikiliza kwa adabu, wakasema samahani mwalimu, na kesho yake mambo yakawa yale yale. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini haya hayakuwa masikio ya kufa. Walikuwa watoto wazuri, wasikivu, wenye huruma, na ndipo nilipokumbuka vile vitabu. Nilidhani wakiona kwa picha, hatua kwa hatua, mtu anavyoondolewa kwenye benchi, kisha dukani, kisha duniani, watageuka wenyewe kutazama nyuma. Nilitaka kitu kimoja tu: msichana yule achangiwe moto ili abaki shuleni.

Tukaanza. Mwanzoni hawakujua kusoma kitabu cha namna ile. Kila picha waliisoma peke yake, kama neno la kamusi, kisha wanakwama. Nikawafundisha kwamba kati ya picha na picha kuna uwazi mweupe, na mchoraji amewaachia wao mahali hapo. "Semeni kilichotokea hapo katikati," nikawaambia. Basi wakaupenda mchezo huo mno. Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza kama changu nilipokuwa na umri wao, lakini macho hayahitaji Kiingereza. Katika picha moja mama anatia uzi kwenye sindano. Katika inayofuata mtoto amevaa koti lenye nyota. Nikauliza, hapo katikati kumetokea nini? Mvulana mmoja mpole akasema, "Baba alitoka nje, asione." Nilisimama nikamtazama. Sikuwa nimeliwaza.

Mwingine akauliza kama hao Wajerumani ni wale wale waliojenga boma.

"Watoto wa wale," nikasema.

"Basi babu hakudanganya kuhusu ukali wao," akasema, na darasa likacheka, nami nikawaacha wacheke, maana kurasa zilizobaki hazikuwa na nafasi ya kicheko.

Walikuwa wanasoma wawili wawili, kichwa kwa kichwa. Msichana wa dawati la mwisho alikuwa na kitabu chake peke yake. Kwa mara ya kwanza kutengwa kulikuwa kumempa kitu. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mistari ya michoro, polepole, na mara nyingi nilipofungua ukurasa mpya yeye alikuwa bado kwenye ule wa nyuma.

Tukafika kwenye picha ambayo nilikuwa nimeingoja. Familia ya fundi inatolewa nyumbani asubuhi na mabegi, na ng'ambo ya barabara jirani yao, mwanamke, anachungulia nyuma ya pazia. Mkono wake umeshika pazia na uso wake una huzuni. Nikawaambia watazame uso ule. Nikauliza, mama huyu angefanya nini?

Mikono ikapanda darasa zima. Angetoka. Angewafichia hata yule mdogo. Angewapa mkate wa njiani. Kiranja wa darasa, msichana mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha, alisimama machozi yakimtoka waziwazi.

"Mwalimu, huyu mama alikuwa anajua majina ya watoto wote wa nyumba ile," akasema. "Angetoka tu, asimame nao. Hata kama hawezi kitu. Wasingeondoka peke yao."

Wasichana kadhaa walikuwa wanalia, na mvulana aliyesema habari za baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, leo. Mimi sijui kuzungukazunguka, nikalisema.

"Sasa geukeni mtazame dawati la mwisho."

Hawakugeuka. Walitazama mbele, na yule msichana naye alitazama kitabu chake. Kiranja akasimama tena, machozi yake hayajakauka.

"Mwalimu, samahani. Sisi hatumchukii. Wale waliwachukia wenzao. Sisi tunamwombea kila Jumapili."

Alisema kweli. Nami sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Kule kulikuwa na serikali nzima, na chuki, na watu waliosomea namna ya kuua. Kwetu hapakuwa na mtu aliyenyoosha mkono. Ningejua la kufanya kama ningemwona hata mmoja mwenye chuki.

Kiranja hakuwa amekaa. "Halafu mwalimu," akasema, "huyu wa kitabuni. Alipofiwa na wote, alikaa muda gani ndipo akatolewa? Nani alimtoa?"

Hakuwa ananifanyia mzaha. Darasa zima likainama kwenye vitabu na kuanza kufunua kurasa za mwisho, mbele na nyuma, kwa wasiwasi kabisa, kama watu wanaomtafutia mgonjwa dawa kwenye mkoba. Walitazama picha ya meli. Walitazama picha ya meza, na wale watu wote waliomzunguka, na sufuria moja. Hawakupata.

"Basi bado hajatolewa," mtu akasema kwa sauti ya chini.

Nikaona wanafunga vitabu, mmoja baada ya mwingine, na kuviweka pembeni mwa dawati kwa ncha za vidole. Kengele ikalia. Walitoka wakaenda kunywa uji, na yule msichana akapokea wa kwake mwisho.

Kesho yake asubuhi niliwakuta mkuu wa shule na mama anayepangisha wamesimama nje ya ofisi, na vitabu vimepangwa juu ya jiwe, vimelowa umande. Wasichana walikuwa wamevipeleka chumbani kwao kwa sababu niliwaagiza wavitunze. Habari ilikuwa imetembea kijijini: mwalimu amewapa watoto picha za watu waliokufa, nyumba nzima na mtoto mdogo ndani yake, na aliyebaki hakutolewa, akaenda moja kwa moja kula na watu.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu," mama yule akaniambia. "Lakini nina wakwe wajawazito wawili pale nyumbani. Usinitie kwenye majaribu."

"Ni karatasi, mama," nikasema. "Ni wino."

"Hata picha ya marehemu mume wangu ni karatasi," akajibu, "na siwezi kuikanyaga."

Mkuu wa shule alinitazama kwa jicho la nilikuambia chekechea. Akaamuru vitabu viende stoo. Hakuna mwanafunzi aliyesogea. Ndipo msichana wa dawati la mwisho akaja bila kuitwa, akavikusanya kutoka juu ya jiwe, akavifuta kwa sweta lake la mtumba, kimoja kimoja, akavipeleka stoo mikononi. Yeye tayari alikuwa ndani ya jambo lile, havikumwongezea kitu. Alirudi mara kadhaa mpaka jiwe likabaki tupu. Nilisimama pale nikiwa na hasira isiyokuwa na pa kwenda.

Nilimruhusu abaki na kimoja. Kuanzia hapo alikisoma wakati wa uji, nyuma ya darasa la kidato cha kwanza, na nadhani yule mwanamke wa kitabuni ndiye mtu pekee aliyekuwa anakaa naye.

Alizidi kukonda. Mvua za masika zikashika, moto wa nje ukawa hauwezekani. Mjomba wake akaja shuleni siku moja, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa heshima." Akakaa. "Nimeongea na wazee. Tulikosea. Tulimkimbiza shule kabla hajamaliza muda wake, ndiyo maana anateseka hivi, hana pa kupikia. Nitampeleka Masakta, kwenye nyumba ya mama yake. Akae mpaka mavuno. Nitamwekea gunia la mahindi. Majirani watamwachia maziwa njiani. Akishatolewa atarudi, na hakuna atakayemkataa tena."

Niligombana naye. Nilimwambia mtoto wa miaka ile hakai peke yake kwenye nyumba ya maiti tatu. Nilimtajia serikali, nikamtajia injili, nikamtajia mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mke wangu amebakiza mwezi mmoja, mwalimu. Ungekuwa wewe?" Na macho yake yalikuwa mekundu. Mtu wa namna hiyo unamfanya nini?

Nikamgeukia msichana. Niliamini akikataa yeye nitapata pa kushika.

"Niache nikamalize, mwalimu," akasema.

Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye mfuko wa rambo. Akanirudishia kitabu. Nikamwambia aondoke nacho, akasema hapana, kule kitapata unyevu. Mjomba alikuwa amekwisha kutoka nje. Msichana akasimama kidogo mlangoni.

"Mwalimu, pale kati ya meli na meza," akasema. "Nani alimpa moto wa kwanza?"

"Moto?"

"Alipofika kule ugenini. Hakuwa na mtu. Nani alimkubalia aote kwake?"

Nikamwambia nitatafuta. Akashukuru, akamfuata mjomba wake, hatua chache nyuma yake, upande upepo unakoelekea, usitoke kwake ukamfikia mjomba.

Nilitafuta kweli. Nilisoma kila kiputo, na maelezo madogo ya mwisho, na shukrani, mpaka jina la mji kilikochapishwa. Kuna picha ya meli, halafu uwazi mweupe mpana kama kidole, halafu picha ya meza. Aliyechora hakuwaza kwamba kuna mtu duniani atauliza hilo. Kwake mtu akishashuka melini, moto upo.

Muhula ukaisha. Mke wa mjomba alijifungua salama, mtoto wa kiume, na kanisani tuliimba. Nilipofunga shule nilichukua basi la Katesh, kisha lori lililokuwa linafuata magunia, kisha miguu. Begani nilikuwa na sweta zito, viberiti, sukari, na kile kitabu. Nilikuwa nimetunga jibu njiani. Nilikusudia kumwambia kwamba kulikuwa na mama mmoja bandarini, mwenye jiko, aliyemwambia sogea. Ni uongo, lakini wanafunzi wangu niliwafundisha mwenyewe kujaza uwazi.

Masakta mvua zilikuwa zinamalizia. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika. Nilielekezwa nyumba kwa mkono, kwa mbali, na njiani penye mti wa mwiba nikakuta kibuyu cha maziwa kimewekwa juu ya jiwe, kimefunikwa kwa jani. Nikakifungua. Maziwa yalikuwa yameganda na wadudu wameingia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia kwenye shamba la pili akanyanyuka, akaniita kwa sauti. Nikamwamkia shikamoo kwa mbali, nikamwambia mimi ni mwalimu wake.

"Ngoja mwalimu, usiende!" akasema. "Moshi umekatika."

"Umekatika lini?"

"Tangu juzi. Sisi huwa tunaangalia moshi. Kila asubuhi, mimi na wanangu. Moshi ukitoka tunasema mtoto ameamka, asante Mungu. Juzi haukutoka. Tukasema labda kiberiti kimelowa. Jana haukutoka. Tumemtuma mtu kwa mjomba wake. Tunamsubiri."

"Mmemwita?"

"Tumemwita mpaka sauti zimekauka."

Nilikwenda. Alinikataza, akanisihi, aliita jina la Mungu, na mimi nikaenda. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Alikuwa amelala ubavu karibu na mafiga, amejifunika kanga ya mama yake na gunia tupu juu. Gunia la mahindi lilikuwa bado zaidi ya nusu. Majivu yalikuwa baridi. Viberiti vilivyotumika vilikuwa vimetapakaa kwenye sakafu, vichwa vyake vimemomonyoka kwa unyevu bila kushika. Nilimgusa uso. Nikamfunika sweta nililomletea, kwa sababu nilikuwa nimelibeba.

Sijui ni homa, sijui ni ule ugonjwa wa kwao, sijui ni baridi. Hakuna aliyepima na hakuna aliyeuliza.

Nilipotoka, yule mwanamke alikuwa amesogea mpaka mpakani mwa shamba. Aliuona uso wangu akajua, akaanza kulia. Alijishika kichwa. Alimtaja msichana kwa jina, akawataja na baba yake na mama yake, na yule mdogo wa ziwa, wote kwa majina, akasema huyu alikuwa anacheza na wanangu hapa hapa, huyu nilimkata kitovu mimi. Alikuwa analia kweli, kwa machozi ya kweli, na mimi nilitaka mtu wa kumshika mkono. Nikamwendea. Kila niliposogea, alirudi nyuma kiasi kile kile, huku analia, huku ananiomba nisimwone vibaya. Basi nikasimama nilipokuwa, naye akasimama, tukapanga habari za mazishi kwa kupaza sauti, shamba zima likiwa katikati yetu.